Rungu Chini ya Leso

Baba yangu alichonga twiga maisha yake yote, na nyumbani kwetu Mbotela, jijini Nairobi, hakukuwa na twiga hata mmoja. Wote walipanda ndege. Alitoka asubuhi na tezo lake ndani ya gunia, jioni akarudi na vumbi la mti kwenye nyusi, na alichokichonga kilikuwa kimeshafungwa kwa magazeti kinangoja mtalii. Hakulalamika, lakini tukipita Jogoo Road, penye mafundi wa samani, alikuwa anasimama kuangalia makabati. Alisema fundi wa kabati ana bahati, kwa sababu anaweza kuingia nyumba ya mtu akaikuta kazi yake bado imesimama. Nilikuwa msichana mdogo na nilimwona mtu wa ajabu, kuonea wivu kabati.

Kwa hiyo Padri wa parokia yetu alipokuja kumwomba achonge rungu la chuo kikuu, lile la heshima linalobebwa mbele ya maandamano, Baba hakuuliza habari ya malipo wala siku. Aliuliza kitu kimoja tu, kama hilo rungu litasafirishwa. Padri akacheka, akasema litakaa palepale chuoni, litoke siku za sherehe kubwa, lirudi kabatini, hivyo hivyo hadi sisi sote tuzikwe. Baba akatikisa kichwa taratibu. Nilimjua baba yangu. Pale moyoni alikuwa ameshaanza kuchonga.

Chuo chenyewe kilikuwa bado hakijawa chuo kikuu sawasawa. Kilianza kama nyumba ya mapadri na masista kusomea teolojia, upande wa pili wa jiji, kule ambako kuna miti mingi kuliko watu. Padri wetu alikuwa anafundisha huko siku za katikati ya wiki. Sasa maaskofu walitaka kiwe chuo kamili, kifundishe ualimu na biashara, kipokee walei, yaani watu wa kawaida kama mimi niliyemaliza sekondari na kubaki nauza chai na mama yangu nje ya korti za Makadara. Serikali ilikuwa imekubali kukipa hati. Kungekuwa na Misa uwanjani, na mgeni rasmi, mkubwa kabisa kutoka serikalini, angekuja kuikabidhi hati yenyewe kwa mkono wake.

Nataka lieleweke vizuri jambo moja, kwa sababu nabishana nalo mpaka leo. Padri alisema wanataka rungu la mti, mti wa hapa kwetu, kitu cha heshima. Nilikuwepo, nimeshika birika. Hakutaja rangi.

Lakini Baba alikuwa mchongaji wa Kikamba aliyekulia katika karakana, na huko heshima ni nyeusi. Mtalii anashika mnyama, anauliza kama ni mpingo, na jibu ni ndiyo, hata kama mti umekatwa kwenye ua wa shule wiki jana. Kazi inayobaki hufanywa na kopo la rangi ya viatu na kitambaa. Twiga na vifaru wetu wengi walioko Ulaya hivi sasa ni weusi wa kopo. Hakuna aliyeona ni uongo. Kwao ilikuwa hatua ya kazi tu, kama kupiga msasa.

Baba alikwenda kwao Ukambani kutafuta mpingo wa kweli. Alirudi mikono mitupu na uso umekunjamana. Shina alilopata lilikuwa na uwazi katikati, moyo wote umeoza. Siku zilikuwa zinayoyoma. Ndipo akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda gogo la muhugu alilokuwa amelitunza tangu nikiwa shule ya msingi. Lilikuwa limekauka kabisa. Mama alikuwa amegombana na gogo hilo kila alipofagia, na siku hiyo lilipotoka alisema asante Mungu kabla hajajua linakwenda wapi.

Baba alilichongea rungu nyumbani, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, maana hakutaka mkono wa mtu mwingine uliguse. Juu aliweka kitabu kilichofunguliwa na msalaba, na chini yake mikono inayopokezana kuzunguka mti wote, mkono kwa mkono hadi pa kushikia. Ukiutazama mkono mmoja unaona mpaka kucha. Rangi yake ilikuwa ya asali. Na harufu! Asiyejua muhugu nitamwambiaje? Ni harufu tamu, kavu, inayokaa kwenye nguo. Majirani walikuja kuazima chumvi wakasahau chumvi. Mama, ambaye ni Mluhya na hasifii kitu kwa urahisi, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema basi, sasa usiliguse tena.

Baba akafungua kopo.

Haki ya nani, nilikasirika. Nilimwambia anaharibu. Nilimwambia hao si watalii, ni maaskofu, na Padri hakusema neno jeusi hata mara moja. Mama naye akaongeza yake, kwa Kiluhya, lugha aliyoitumia akitaka Baba ajue ana makosa bila kujua ni makosa gani. Baba hakuinua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "mimi ninajua watu wanataka nini."

Akapaka. Akapaka tena, maana muhugu una mafuta yake na rangi haikushika upesi. Juu ya rangi akapaka nta ili ling'ae, juu ya nta akapaka rangi nyingine. Vidole vya ile mikono vikapotea ndani ya weusi. Nyumba nzima ikanuka kama kibanda cha mpiga rangi viatu. Alikusudia likae kivulini kwa muda mrefu, likauke taratibu kama walivyofanya karakana.

Padri alikuja kabla hatujamtarajia. Walihitaji rungu kwa mazoezi. Baba alilifunga kwa kitambaa na magazeti, akaomba lisiwekwe juani. Padri akacheka, akasema sherehe yenyewe iko juani, uwanja mzima, hema ni za wageni tu. Kisha akatueleza kwa furaha jinsi mambo yatakavyokwenda. Mhadhiri kijana atalibeba begani akiwa amevaa glavu nyeupe. Atalilaza juu ya meza mbele ya altare. Ikifika saa ya kukabidhi, mgeni rasmi ataweka mkono wa kulia juu ya rungu, atasema maneno yake, kisha kwa mkono uleule atachukua hati na kumpa mkuu wa chuo.

Baba alimsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi aliketi kitini, akafungua viganja akaviangalia. Vilikuwa vyeusi tangu juzi, na alikuwa ameviosha kwa sabuni ya kufulia.

Angeweza kusema kwamba rangi haijakauka. Mdomo ulikuwa wake, na Padri alikuwa bado anafungua mlango wa gari. Lakini kusema kungekuwa ni kukiri kwamba si mpingo, na rungu lingerudishwa, na kwa haraka ile wangenunua la chuma mahali popote. Nilielewa, na kuelewa kulinikasirisha zaidi. Mama alimwuliza kama litakuwa limekauka ifikapo siku yenyewe. Akasema huenda. Huenda ya baba yangu ilikuwa na maana ya hapana.

Ilibidi mtu awe Nairobi miaka ile ajue kwa nini hatukulala vizuri. Maaskofu walikuwa wamesema mimbarini mambo ambayo wakubwa hawakuyapenda, na watu walikuwa wanachukuliwa kwa neno walilosema wakinywa soda. Mimi na Mama tulikuwa tunamimina chai Makadara, na kila asubuhi karandinga ya polisi ilipiga reverse mbele yetu ikashusha watu wenye pingu. Wengine hawakujua wamefanya nini. Sasa fikiria mkubwa anasimama mbele ya kamera, anainua mkono, na mkono ni mweusi tititi, na hati nyeupe ina alama ya vidole, na yote hayo yametokea kanisani, mikononi mwa maaskofu. Nani angeamini ni rangi ya viatu tu? Wangesema ni tusi. Wangeuliza nani alichonga. Tulipoona karandinga Mama alimwaga chai nje ya kikombe, na mimi nikajifanya sikuona.

Siku ikafika na jua lake. Hakukuwa na wingu hata la kuombea. Parokia yetu ilikuwa imepewa kazi mbili, kwaya kuimba na kina mama kupeleka vipaji, yaani matoleo, altareni, kwa hiyo tulikwenda sote kwa basi la kukodi, wanakwaya wenzangu wa mtaa wa Buruburu wakiwa na nywele zimetengenezwa saluni. Baba aliwekwa nyuma kabisa, na wazazi na wageni wasio na kadi maalum. Kabla hatujaachana alinishika mkono, akasema mimi nitakuwa karibu, niangalie. Hakusema niangalie nini.

Kwaya ilipangwa pembeni ya altare. Maandamano yakaingia, msalaba, mishumaa, mapadri, maaskofu, halafu yule mhadhiri kijana, na rungu begani. Lilikuwa linang'aa ajabu. Watu wakapiga makofi. Nikaimba sauti ya pili huku macho yangu yako kwenye glavu zake. Alipofika mezani akalilaza, akainamisha kichwa, akajaribu kuondoa mkono, na mkono ukanata kidogo kabla haujatoka. Akageuza kiganja akakiona. Nami nikakiona. Glavu ilikuwa nyeusi kama makaa kuanzia kidole hadi kiganja. Kijana wa watu alifumba ngumi, akaenda kuketi, akaficha mikono ndani ya joho lake. Na mgeni rasmi ameketi hatua chache kutoka hapo, suti ya kijivu nyepesi, wanaume wawili wenye miwani myeusi wamesimama nyuma yake.

Sijui somo la kwanza lilisema nini. Sijui askofu alihubiri nini, ila alihubiri sana, na jua likapanda, na juu ya rungu nta ilianza kutoa jasho. Niliona tone limesimama kwenye kona ya kile kitabu. Padri wetu alikuwa katikati ya mapadri wengine, macho yamefumbwa, anasali kwa amani ya mtu asiyejua chochote. Mara mbili mwalimu wa kwaya alinitolea macho kwa sababu niliingia wimbo kabla ya wenzangu. Nilimtafuta Baba kule nyuma, nikaona kofia tu.

Tukafika vipaji. Ngoma zikaanza, kayamba zikaitika, na kina mama wa parokia yetu wakaingia wakicheza, wamejifunga leso, vikapu vichwani, ndizi, mayai, njugu. Mama alikuwa mstari wa mbele. Alipopita mbele ya kwaya nilimkodolea macho mpaka akanitazama. Sikuweza kusema, nilikuwa naimba. Nilifungua kiganja changu, nikakisugua kwa kidole, nikaelekeza kidevu mezani. Mama akatazama meza. Akatazama yule kijana aliyeficha mikono. Hakubadilisha hata hatua ya kucheza.

Alitoa kikapu chake kwa askofu, akapiga goti, akasimama. Wenzake wakageuka kurudi. Mama hakurudi. Alipiga kigelegele kirefu ambacho sijawahi kukisikia kutoka kwake, hata harusini, akafungua leso yake kiunoni, ile nyekundu yenye mchoro wa korosho pembeni, leso yake bora, ya kwenda nayo kwa watu. Akaitandaza kwa mikono yote miwili, akacheza nayo kuelekea meza ya rungu.

Mmoja wa wale wenye miwani alipiga hatua mbele na mkono wake ukaingia ndani ya koti. Nilikoma kuimba. Nilijua mama yangu anaweza kufa pale, mbele ya altare, kwa sababu ya kopo la rangi. Lakini wale kina mama wengine, Mungu awabariki, hawakujua lolote, walisikia kigelegele wakaitikia. Kwetu mgeni hutandikiwa leso, bibi harusi hufunikwa leso, mtoto mchanga huletwa nje ndani ya leso, na mtu haulizi kwa nini. Wote wakageuka, wakarudi wakicheza, vigelegele uwanja mzima, na yule mlinzi akabaki amesimama amezungukwa na wanawake wanene wanaomchezea, hajui amsukume nani.

Mama akalifunika rungu. Akapenyeza ncha za leso chini yake, huku na huku, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Akapiga goti. Mkuu wa chuo akatabasamu. Maaskofu wakapiga makofi, na mgeni rasmi, nilimwona kwa macho yangu, akapiga makofi pia.

Saa ya kukabidhi ilipofika akasimama, akaweka mkono wake wa kulia juu ya leso ya mama yangu, akasema maneno yake. Alipouinua, nikautazama. Ulikuwa safi. Akaichukua hati kwa mkono uleule, akampa mkuu wa chuo, na chuo kikawa chuo kikuu, na mimi nikalia hadharani mpaka wenzangu wa Buruburu wakafikiri nimeguswa na Roho.

Nyumbani Mama alimwambia Baba maneno machache. Alimwambia ile ilikuwa leso yake nzuri, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Baba alibaki kitini. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani alinyanyua kichwa. Ilikuwa hivyo wiki nzima na zaidi. Hakwenda karakana, hakugusa tezo.

Gari lililosimama hatimaye lilikuwa la Padri. Aliingia na kifurushi kirefu, akakiweka mezani, na juu yake akaweka zile glavu. Sote tulijua kifurushi ni nini. Baba hakusimama kumsalimia. Alisema pole pole kwamba ameelewa, na kwamba Padri aliache tu hapo, atapata pa kuliweka.

"Mzee wangu," Padri akasema, "ni nani alikuambia tunataka jeusi?"

"Wote wanataka jeusi, Padri."

"Wanaoondoka nalo, labda. Sisi tunakaa nalo."

Baba alimtazama. Padri akasema tena, kwa upole, kwamba mkuu wa chuo ameona pale rangi ilipobanduka, ameona mti ulio chini, na anaomba kitu kimoja tu, aitoe ile rangi yote, kisha alirudishe chuoni. Mama akauliza kuhusu leso yake. Padri akajikuna shingo. Akasema leso imebaki chuoni, mkuu ameipenda mno ile heshima ya kina mama, ameagiza rungu lisitoke tena bila kufunikwa.

Baba alipiga msasa siku nyingi, nyuma ya nyumba, mahali palepale. Sikuwahi kumwona akifanya kazi polepole vile. Vidole vikarudi, kucha zikarudi, asali ikarudi, na mwisho ikarudi ile harufu, ikaingia mpaka kwenye mapazia. Alikuwa anapangusa macho kwa kiwiko na kusema ni vumbi. Mimi nilimwachia vumbi lake. Na tangu siku ile sikuona tena kopo la rangi ya viatu kwenye gunia lake, ingawa karakana walimcheka na twiga wake wakachelewa kununuliwa.

Chuo kilikua. Walijenga maktaba, wakajenga madarasa, na walei tukaingia. Nilisoma ualimu pale. Mhadhiri mmoja alitueleza darasani kwamba kufunika rungu kwa leso ni mila ya kale sana ya wazee wetu, na akaifafanua ubao mzima. Nilikaa nimeuma midomo nisicheke.

Baba hakukanyaga huko tena hadi siku nilipohitimu, miaka ile ya tisini ikielekea mwisho. Alikuja na suti ya kuazima, akaketi pembeni ya njia. Maandamano yalipoanza kutoka, nilitoka kwenye mstari wetu nikaenda kusimama naye, na msimamizi aliponiita nilijifanya kiziwi. Nilikuwa na hasira. Kitu chake kimoja kilichobaki hapa kwetu kinakuja kupita mbele yake, na hatakiona, kwa sababu ya leso ya mke wake mwenyewe. Nilitaka kwenda kuivuta.

Likaja begani mwa mtu, limefunikwa lote, nyekundu, korosho pembeni, rangi imeanza kufifia. Likapita karibu kiasi cha kuligusa. Baba hakulitazama. Alikuwa amesimama, amefumba macho.

"Unaisikia?" akaniuliza.

Nikavuta pumzi. Ilikuwepo, harufu tamu, kavu, ileile iliyokuwa kwenye mapazia yetu Mbotela.

"Naisikia, Baba."

"Basi lipo," akasema, akaketi.